Kufuli la Kitambaa Chekundu

Shangazi yake alimwonya mapema, akiwa amepiga magoti mbele ya sanduku akimkunjia nguo za safari. "Jiji lina ngazi, mwanangu, na ngazi hazina haya. Zitakukataa mbele za watu, mchana kweupe."

Mshonaji alicheka. Alimjibu kwamba anayemfuata huko ni fundi wa lifti, na mwenye fundi wa lifti hana ugomvi na ngazi. Shangazi hakucheka. Alikaa juu ya sanduku ili lifungike, akavuta zipu, kisha akasema, "Haya. Lakini mganga hajigangi."

Maneno hayo yalimrudia mshonaji sasa, kituo cha mabasi kikiwa kimefurika watu na makelele, huku yeye ameketi katika kiti chake cha magurudumu, sanduku mapajani, akimtazama fundi wake akibembelezana na madereva wa teksi. Wawili walikuwa wamekwisha kutikisa vichwa na kuondoka. Wa tatu, mtu mnene mwenye kofia ya sufi kwenye jua lile, alikizunguka kile kiti kama anayekagua ng'ombe wa mnada.

"Kaka," alimwambia fundi, "mgonjwa namchukua. Lakini hilo baiskeli lake litanichania viti."

"Mgonjwa yuko wapi?" mshonaji aliuliza kutoka chini. "Mimi ninapelekwa kutambulishwa kwa mama mkwe."

Dereva aliinama akamwangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Kwa mama mkwe? Basi kweli wewe ni mgonjwa, dada yangu. Ingia upesi kabla hujazidiwa."

Mshonaji aliangua kicheko. Aligeuka ili acheke pamoja na fundi, kwa maana walikuwa na kawaida ya kugawana vichekesho kama watu wanaogawana chungwa. Fundi alikuwa ameinamia buti la gari, anahangaika na kamba ya kukifungia kiti, na uso wake haukuonekana.

Hakulitilia maanani. Mtu aliyepanda basi alfajiri na kushuka adhuhuri ana mengi ya kutazama. Kwa miaka miwili jiji hili lilikuwa sauti tu ndani ya simu, honi na mingurumo nyuma ya maneno matamu ya fundi. Leo lilikuwa na umbo. Lilikuwa na majengo yaliyorundikwa ghorofa juu ya ghorofa, na vioo vilivyorushiana jua. Na chini kabisa, mahali ambapo macho ya mtu aliyeketi hufika kwanza, kila mlango ulikuwa na kidato chake. Benki ilikuwa na vidato. Duka la dawa lilikuwa na vidato. Ofisi moja yenye bango la "Karibuni Wote" ilikuwa na vidato vingi kuliko zote, tena vya marumaru.

"Simamisha hapo, dereva," alisema ghafla. "Fundi, ndilo lile duka?"

Ndilo. Duka la vitambaa ambalo alikuwa ameliota tangu fundi alipompigia picha dirisha lake. Mshonaji wa mji mdogo hununua anacholetewa. Hapa palikuwa na majora ya hariri na lasi yamepangwa ukutani hadi darini. Kiti kilishushwa, akajisukuma kwenye njia ya waendao kwa miguu, akazunguka pikipiki zilizoegeshwa kinyume, akashuka barabarani mahali ukingo ulipovunjika, gari likampigia honi, akapanda tena. Alifika mlangoni akihema. Kidato kirefu, na mlango wa chuma ulioachwa nusu wazi, upana wa mtu mmoja mwembamba.

Mwenye duka alitoka. Akamtazama fundi juu ya kichwa cha mshonaji. "Mgonjwa anapenda rangi gani?"

"Mgonjwa anapenda bluu ya wino," mshonaji alijibu, "tena anapenda kuulizwa mwenyewe."

Yule mtu aliona haya, akaleta majora nje, akamfunulia kandokando ya barabara. Mshonaji aliviringisha hariri kati ya kidole gumba na cha shahada, akaisikia ikipita kama maji. Alinunua kipande cha gauni la kuvaa siku ya kuchumbiwa rasmi. Ndani hakuingia. Alipogeuka, aliona vumbi la magari limekwisha kutua juu ya lile jora jeupe lililobaki mikononi mwa muuzaji, akajisikia kana kwamba ndiye aliyelichafua.

"Kiu?" fundi aliuliza garini, akimpa chupa ya maji.

"Nitakunywa kwenu."

Fundi alielewa. Alikuwa mmoja wa watu wachache duniani waliokwisha kuelezwa. Tangu jana jioni mshonaji hakuwa amekunywa kitu, kwa kuwa msafiri wa kiti hupima maji yake kwa vyoo atakavyovikuta, na vyoo vya njiani vyote vilikuwa na milango ya kupenya paka. Lakini fundi alikuwa amemwahidi. Alimwambia kwenye simu, kwa sauti ya mtoto aliyeficha zawadi, kwamba bafu la kwao ameling'oa mlango wake wote na kutundika pazia, na ukutani amekaza bomba la kushikilia, kwa vipimo alivyompa yeye mwenyewe kwa futikamba yake. "Ukija, utajisikia umefika nyumbani," alisema. Midomo ya mshonaji ilikuwa imekauka na kupasuka. Aliilamba, akatabasamu. Nyumbani hakukuwa mbali tena.

*

Walijuana kwa ajili ya ovaroli. Fundi alikuwa ametumwa katika mji ule mdogo kufunga lifti ya hospitali, akaleta ovaroli iliyochanika goti. Mshonaji akaiziba. Kesho yake ikachanika kiwiko. Keshokutwa mfuko. Mwisho mshonaji aliweka mkasi mezani akasema, "Fundi, ama kazi yako ni kupigana na simba, ama unachana nguo mwenyewe." Fundi akatazama sakafu. "Simba mwenyewe ni wewe," alisema, na tangu siku ile hakuleta tena ovaroli, alijileta mwenyewe.

Ni yeye aliyemweleza desturi ya kazi yao. Fundi anapoingia ndani ya shimo la lifti hufunga kwanza swichi kuu kwa kufuli lake, na ufunguo huutia mfukoni mwake. Kufuli la fundi haliguswi na mtu mwingine, hata awe bosi, hata awe ndugu. Uhai wa mtu unaning'inia pale. Mwenzake mmoja alikufa kwa sababu kufuli lake lilifanana na la mwingine, na mwingine huyo akafungua akidhani ni lake. Usiku ule mshonaji alishona ala ndogo ya kitambaa chekundu, akadarizi juu yake sindano iliyotungwa uzi, akaivika kwenye kufuli la fundi na kuishonea palepale, ili lisifanane na la mtu yeyote chini ya jua.

"Sasa hakuna wa kukuua kwa bahati mbaya," alimwambia.

*

Jengo la kina fundi lilikuwa la ghorofa nne, la kale, rangi imebabuka, lakini ukumbi wa chini ulikuwa umefagiliwa na kunyunyiziwa maji. Fundi alimwinamisha kinyumenyume, akavuta kiti kidato kimoja kimoja mpaka ndani, na kufikia hapo dereva alikuwa amekwisha kuingia kibanda cha jirani kuagiza chai.

Mlango wa lifti ulikuwa umefungwa. Kitufe hakikuwaka. Mshonaji alikibonyeza, akakibonyeza tena, akageuka na tabasamu ambalo halikuwa limekwisha kujua lifanye nini.

"Imekufa," fundi alisema.

"Imekufa lini?"

"Jana. Kipuri kimeungua. Kinaagizwa nje, huenda wiki ijayo." Aliyasema haraka, macho yamekazwa kwenye ndoo ya mfagiaji. "Nilitaka kukupigia simu, nikakuta umeshapanda basi."

Mshonaji alitazama juu kupitia uwazi wa ngazi. Ziliviringa na kuviringa mpaka kwenye kiza. Zile za benki alikuwa amezicheka, na zile za marumaru. Hazikumjua, naye hakuzidai kitu. Hizi zilikuwa za kwao.

"Mama yuko juu?"

"Yuko."

"Hawezi kushuka kidogo tu nimwamkie?"

"Magoti, mpenzi. Ngazi hizi zinamuua." Alichutama mbele yake, akashika magurudumu yote mawili kama mtu anayezuia kitu kisibingirike. "Sikiliza. Kuna nyumba ya wageni karibu na kituo, ya chini, nimewauliza. Ulale hapo. Kesho urudi, tupange siku nyingine. Jambo hili halina haraka."

"Halina haraka?" Sauti yake ilipasuka kama midomo yake. "Nimetoka kwetu na baraka za shangazi. Nimewaambia watu wote wanaoleta nguo. Fundi, hata maji sijanywa."

"Najua."

"Basi nibebe."

Fundi aliinua kichwa.

Neno lile mshonaji hakuwahi kulisema. Katika miaka miwili ya mapenzi yao hakuwa amekubali kubebwa, hata siku ya mvua kiti kilipozama topeni. Alikaa palepale mpaka wakapatikana watu wa kukinyanyua pamoja naye, maana alisema mtu mzima hubebwa siku ya maziko tu. Na sasa alikuwa amenyoosha mikono yake miwili hewani, mikono ya kazi, yenye alama za sindano.

"Nibebe mpaka juu. Mama atanikuta mikononi mwako, na iwe hivyo. Nitaimeza aibu."

Kitu kilipita usoni mwa fundi. Macho yake yalijaa maji. Aliishusha ile mikono taratibu, akaibusu viganja, mmoja baada ya mwingine. "Hapana," alinong'ona. "Sitaki mama akuone umebebwa."

Mshonaji alifumba macho. Pamoja na kiu, pamoja na uchovu wa mifupa, alihisi anampenda mtu huyu kuliko alivyompenda asubuhi, kwa kuwa alidhani anailinda heshima yake. Angalitaka dunia ikomee hapo.

Ndipo waliposikia kandambili zikiburuzwa juu ngazini.

*

Alikuja polepole, mkono mmoja kwenye ukuta na mwingine kiunoni, akitua kila kidato kwa miguu yote miwili. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, kanga mpya kichwani, na alipofika mwisho alilazimika kusimama avute pumzi kabla ya kusema.

"Wewe mtoto," alimwambia fundi, "unataka kuniua? Nimewaona dirishani mkishuka teksi. Nimekaa, nimekaa, chai imepoa. Mbona hampandi?"

"Shikamoo, mama," mshonaji alisema.

"Marahaba, binti. Pole na safari." Alimtazama usoni, kisha kiti, kisha tena usoni, jicho lake lilikuwa kali lakini halikukwepa. "Mbona mmekaa chini kama wapangaji wanaofukuzwa?"

"Lifti imekufa, mama," mshonaji alieleza. "Tangu jana."

"Jana?" Mama mtu alipepesa macho. "Nani kakwambia jana? Mimi asubuhi hii nimeshuka nayo sokoni, nikapanda nayo na vikapu vyangu, na huyuhuyu ndiye aliyenibonyezea."

Mshonaji hakumtazama fundi. Alikuwa ametazama chini ya ngazi, pale penye sanduku la chuma la umeme ambalo mtu aliyesimama asingeliona bila kuinama, lakini kwa aliyeketi lilikuwa sawasawa na macho. Alijisukuma mpaka pale. Kitasa cha swichi kilikuwa kimeshushwa, na kwenye kitasa lilining'inia kufuli.

Lilikuwa na ala nyekundu, na juu yake sindano iliyotungwa uzi.

Aliishika. Aliujua kila mshono wake, hata ule mmoja uliokosea kidogo, alipojichoma kidole akasita.

"Kuna mtu shimoni, Fundi?" aliuliza.

"Uzi wangu..." Ndilo jina alilomwita walipokuwa wawili tu.

"Nauliza kuna mtu shimoni? Nani anaokolewa hapa?"

Fundi aliegemea ukuta. "Mama alisema ukija atakwambia usoni kwamba hakutaki. Wiki nzima anasema. Leo asubuhi kasema tena. Nikaona... nikaona bora kosa liwe la lifti. Lisiwe la mama. Lisiwe langu. Uende bila kuumia, mpaka nimlainishe."

"Nilisema sitaki," mama mtu alidakia kwa ukali, "sikusema sitamwona! Chai niliipika ya nani? Kanga hii nimemvalia nani, ukuta? Mimi maneno yangu nayasema mwenyewe, sijamtuma mtu anifungie mlango!"

"Niliogopa atakayokwambia," fundi alimwambia mshonaji, kana kwamba mama yake hakuwapo.

"Kwa hiyo ukaniambia wewe," mshonaji alisema. "Bila kufungua mdomo."

Hakulia. Machozi nayo yanahitaji maji. Alikumbuka mikono yake iliyonyooka hewani, na jinsi mtu huyu alivyoibusu akijua ufunguo uko mfukoni mwake.

Alitaka kuondoka. Alitaka kufanya lile wanalofanya wanawake wengine, kugeuka, kutembea, kubamiza mlango. Aligeuza kiti, akakiendesha mpaka mlango mkubwa, na pale akasimama, kwa maana mbele yake kulikuwa na vidato vya kushukia barabarani. Hata kuondoka kwa hasira kulihitaji mtu wa kumshusha. Na tumboni mwake, chini ya kitovu, maumivu aliyokuwa ameyazuia tangu alfajiri kwa ahadi ya nyumbani yalimkaza mpaka akajikunja.

Mama mtu aliona. Kuna mambo ambayo mwanamke huyaona kwa mwanamke mwenzake hata kama hampendi. Alisogea, akamwinamia sikioni.

"Panda kwanza ujisaidie, mwanangu. Hasira husubiri, hilo halisubiri." Kisha akamgeukia mwanawe. "Fungua."

Fundi aliingiza ufunguo. Akapandisha kitasa cha swichi. Taa ya lifti iliwaka, nyeupe, safi, na mlango ukafunguka kwa kengele ndogo. Alipotaka kuingia nao, mama yake alimwekea kiganja kifuani.

"Wewe baki na kufuli lako."

*

Nyumba ilikuwa tayari. Hilo ndilo lililommaliza. Zulia lilikuwa limeviringishwa na kuegemezwa pembeni ili magurudumu yapite. Meza ilikuwa imeondolewa kiti kimoja upande wa dirishani, na pale palipoachwa wazi kulikuwa na kikombe kimefunikwa kisahani. Pazia la bafu lilikuwa jipya. Bomba lilikuwa pale hasa mkono wake ulipolitafuta. Hakuhitaji kunyoosha wala kukunja kiwiko.

Alikaa ndani kwa muda mrefu. Upande wa pili wa pazia, mama mtu alikuwa ameketi kwenye kigoda. Vivuli vya miguu yake vilionekana chini.

"Wiki nzima ninaoga kwa pazia," alisema. "Nimemwambia, mlango wangu una kosa gani? Kasema, mama, mlango ni mwembamba. Nikamwambia, mlango haujanenepa wala kukonda tangu baba yako yu hai."

Mshonaji alinawa mikono taratibu.

"Baba yake alilala pale palipo kabati. Kiharusi. Lifti ilikuwa mbovu kweli siku zile, si kwa kufuli. Hospitali, mimi ndiye niliyembeba, mgongoni, kushuka na kupanda. Magoti haya unayoyaona niliyaacha kwenye ngazi hizo. Mpaka alipofariki sikujua tena kama nilimpenda au nilimchoka. Ndiyo maana nilisema sitaki. Si kwa ajili yako. Mimi najua uzito wa mtu."

"Mimi sijambebesha mtu uzito wangu, mama," mshonaji alisema. "Ninashona. Ninampa shangazi chakula. Leo ndiyo mara ya kwanza kuomba kubebwa."

"Alikubeba?"

"Alikataa. Alisema hataki unione hivyo."

Vile vivuli vya miguu vilisogea, vikatulia. "Mtoto yule," mama mtu alisema taratibu, "tangu mdogo akivunja sahani huficha vipande chini ya kitanda. Kisha hutembea juu yake yeye mwenyewe, usiku." Akaguna. "Ungesema nini, ningekwambia usoni kwamba sikutaki?"

Mshonaji alilishika lile bomba. Lilikuwa baridi, imara, limepimwa. "Ningelia. Kisha ningekuja tena. Ningekushonea gauni, ungelikataa, ningekushonea jingine. Nilijiandaa kushindana nawe hata miaka kumi, mama. Ukuta wako ningeupanda. Lakini ukuta aliouweka yeye nitaupandia wapi, na nilikuwa nimemwegemea yeye?"

Baadaye pazia lilisogea kidogo, mkono mkavu ukapenya ukiwa na taulo safi na chupa ya maji. "Ungekunywa japo chai," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechelewa.

"Ahsante, mama. Imepoa."

*

Mshonaji aliposhuka na lifti, fundi alikuwa amesimama palepale, kufuli mkononi.

"Bomba," alisema. "Urefu ulikuwa sawa?"

Mshonaji alimtazama kwa mara ya mwisho kwa ukamilifu: ovaroli yake yenye viraka alivyovishona mwenyewe, macho yaliyomfanya acheke siku nyingi. "Kila kitu kilinienea," alisema. "Sijawahi kuona nyumba inayonienea kama ile."

"Basi rudi tupande. Mama hana neno sasa, nimemsikia akikuita mwanawe. Nilikosea, Uzi. Nipige, nitukane, lakini panda."

"Siku mama atakapougua utafunga nini? Siku watu watakaponicheka mtaani, utafunga nini? Utanifungia ndani na kuniambia barabara imekufa?"

"Kwa sababu nakupenda!"

"Najua. Hilo ndilo baya lake." Alikielekeza kiti mlangoni. "Nishushe."

"Sitaki."

"Fundi. Usinifanye nimwombe mpita njia."

Alikuja nyuma yake. Alishika vishikio, akakilaza kiti juu ya magurudumu makubwa, na kuanza kumteremsha, kidato, kidato, kwa uangalifu wa mtu anayeshusha kioo. Mshonaji alisikia pumzi zake zikikatika juu ya utosi wake, na tone moja la moto likamdondokea shingoni. Siku zote alichukia kwamba anayesukuma kiti haonekani uso. Leo alishukuru.

Barabarani, fundi alimnyooshea lile kufuli. "Chukua kitambaa chako. Sistahili."

Mshonaji alikuwa na mkasi wa kufumulia mkobani. Aliufikiria. Kisha aliukunja mkono wa fundi, vidole juu ya kile kitambaa chekundu, akausukuma kifuani pake.

"Baki nalo. Bado unaingia mashimoni. Sikulishonea ili unipende; nililishonea usife."

Dereva alitoka kibandani akifuta midomo. "Eh, dada yangu! Mama mkwe kakuponya?" Aliona nyuso zao, akavua ile kofia ya sufi, akamngojea ahamie garini, kisha akakunja kiti bila kuuliza tena.

Gari liliondoka. Kwenye dirisha la ghorofa ya nne pazia lilifunguliwa na mtu aliyesimama. Chini, fundi hakupunga mkono wala kukimbia nyuma ya gari kama wanavyokimbia watu wanaojua watasamehewa. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkono ukiwa palepale kifuani.

Mshonaji aliishika chupa ya maji aliyopewa na mama mtu. Koo lilimwaka. Alizungusha kifuniko nusu, akatazama nje: benki, duka la dawa, yale marumaru. Safari ya kurudi ilikuwa ndefu, na njia nzima hapakuwa na mlango mwingine uliong'olewa kwa ajili yake. Akakikaza kifuniko, akailaza chupa mapajani, juu ya hariri ya bluu.